Nanga Iliyoshika Landrova Kakuma

Kuna aibu ambazo mtu huzifunika kwa miaka zikasahaulika, lakini hii yangu kila nikiifunika inatoa kichwa, kwa sababu iliniangukia mchana kweupe mbele ya watu zaidi ya mia mbili pamoja na mbuzi wao, na kila neno nililopiga kelele siku ile lilitafsiriwa papo hapo kwa lugha ya pili, kwa sauti kubwa na kwa ufasaha, ili asiwepo hata mmoja wa kusema hakusikia. Kwa hiyo nawasimulia mwenyewe, jamani, kabla hamjasimuliwa na wengine, maana wengine huongeza chumvi, na chumvi iliyomo tayari inanitosha.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana chini, karani wa stoo katika ofisi ya samaki pale Lodwar. (Msiniulize ofisi ya samaki ilitafuta nini Lodwar wakati ziwa liko mwendo mrefu wa gari kutoka hapo; serikali ndivyo ilivyopanga, na sisi kazi yetu ilikuwa kuhesabu nyavu na kupigwa na jua.) Nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili kwenye kazi ya majaribio, sijathibitishwa, na huko nyumbani baba yake Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa ameshasema wazi kwamba hatoi binti yake kwa mtu wa kibarua, nilete kwanza barua ya kazi ya kudumu. Mwenye kalamu ya kuiandika barua hiyo alikuwa bosi wangu Bwana Mwanzia, Mkamba mrefu, mpole, asiyependa kelele, mtu aliyepiga pasi hata soksi. Kila nikimwona anatoa kalamu mfukoni moyo wangu ulikuwa unaruka, kumbe anaandika orodha ya sukari na majani ya chai.

Sasa mwaka huo ofisi yetu ikapewa mashua, na si mashua ya kawaida. Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe kule Naivasha alikuwa anarudi kwao, akaona mashua yake ya matembezi aitoe tu, basi ikaletwa juu ya lori ikiwa nyeupe pe, ina vitanda viwili, jiko la gesi, mapazia ya maua na choo chenye mlango wake. Ililala Lodwar siku mbili kabla ya kupelekwa Kalokol, ufuoni mwa ziwa, na nusu ya mji ilikuja kuitazama, wengine kwa miguu kutoka Nawoitorong, wanapanda ngazi kuona choo tu halafu wanashuka wakitikisa vichwa. Mashua hiyo ingezunguka ziwa zima kwa wiki nzima ikikagua wavuvi, inalala majini huko huko. Na chombo cha kulala majini, kisipokuwa na nanga ya kuaminika, ni jeneza lenye mapazia.

Hilo tulilijua vizuri kwa sababu ya Ekal. Ekal alikuwa tarishi na mkalimani wetu, Mturkana aliyezaliwa kando ya ziwa, rafiki yangu wa chai ya saa nne. Mashua ya zamani ya ofisi ilikuwa inafungwa kwenye giaboksi ya lori bovu badala ya nanga, na wakubwa wote waliona giaboksi ni nzito, itashika tu. Alfajiri moja upepo wa ziwa ukaamka, ukaikokota mashua na giaboksi yake kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na ndani yake Ekal amelala fofofo. Alipozinduka hakuona ufuo. Alikaa siku mbili kwenye kile kisiwa cha katikati ya ziwa akiwatazama mamba, nao wakimtazama, mpaka wavuvi wakamkuta. Habari hiyo ilifika kila boma la Turkana, na tangu hapo ukimwambia mtu habari ya mashua anakuuliza kwanza habari ya Ekal.

Ndipo asubuhi moja Bwana Mwanzia akaja stoo, akasimama mlangoni, akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Bwana Odhiambo," akasema, "kwani wewe si Mjaluo? Si wewe ni mtu wa ziwa?"

Jamani, kwetu ni Siaya, lakini Siaya ile ya juu, ya muhogo na mtama na plau ya ng'ombe. Ziwa Victoria nilikuwa nimeliona mara tatu, zote kupitia dirisha la basi, na moja kati ya hizo nilikuwa nasinzia. Mashua sijawahi kupanda. Kuogelea ndiyo hata msitaje, kisima cha nyumbani chenyewe nilikuwa nachungulia nikiwa nimeshika mti. Jibu la kweli lilikuwa fupi na lisingeniumiza. Lakini nilimwona mkono wake uko karibu na mfuko wa kalamu.

"Ndiyo, mkubwa," nikasema.

"Vizuri. Nanga tatu zinakuja kutoka Kitale tuzijaribu. Utatuchagulia moja ya kuaminika, uniandikie ripoti. Ukifanya hiyo kazi vizuri nitakuandikia barua yako, na nahodha wa ile mashua utakuwa wewe."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nimekaa juu ya gunia la nyavu, nafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, na kusema kweli furaha ilikuwa kubwa zaidi, maana barua niliiona na maji sikuyaona.

Nanga zilifika Ijumaa. Tukazipanga uani, mimi na Ekal. Ya kwanza ilikuwa ya kizamani, ile ya kwenye picha, na mikono miwili na fimbo imekatiza juu kama msalaba. Ya pili ilikuwa bapa, na visu viwili vipana vinavyokunjwa, ukiiweka chini inalala kama kaa aliyekufa. Ya tatu ilikuwa na ulimi mmoja mnene uliochongoka, na shingo yenye kiungo kinachocheza kulia na kushoto. Kulikuwa na kijitabu cha maelezo cha kizungu chenye picha, nikakisoma mara mbili, nikaelewa picha.

Ekal alichuchumaa, akazigusa moja moja, halafu akaniuliza, "Odhiambo, upepo ya kule iko na tabia mbaya. Usiku inatoka huku, asubuhi inageuka. Sasa mashua nayo itageuka. Nanga iking'oka kidogo, itaingia tena yenyewe, ama itatembea tu kama ile giaboksi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Swali la mtu aliyelala na mamba. Miaka yote niliyokaa baadaye karibu na mashua sijasikia swali la nanga lililo zito kuliko hilo, na mimi nikampungia mkono. "Ekal," nikamwambia, "hayo mambo niachie mimi."

Nikaichagua ile ya tatu. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu ilifanana na plau ya baba yangu. Nilipoona ule ulimi moyo wangu ulitulia kabisa, nikajiambia chuma cha umbo hili nakijua, ukikivuta kinazama, ukizidi kukivuta kinazidi kuzama, na ukikivuta vibaya baba anakupigia kelele. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya ubaharia. Lakini katika ripoti niliandika kwamba nimeichagua "kutokana na uzoefu wangu wa miaka mingi ziwani," nikatia sahihi, nikapigia mstari. (Na cha kuchekesha ni kwamba nilichagua sawasawa. Kile kiungo cha shingoni ndicho kilichokuwa jibu la Ekal: mashua ikigeuka, shingo inageuka nayo na ulimi unabaki chini. Ila hayo niliyajua baadaye sana, baada ya kuchekwa.)

Bwana Mwanzia aliisoma ripoti, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaiweka kwenye faili. Kalamu haikutoka. Akasema twende kwanza Kakuma.

Kakuma ya siku hizo si hii ya kambi ya wakimbizi mnayoisikia sasa. Ilikuwa maduka machache, misheni, polisi, na ile laga yao pana ya Tarach, mto wa mchanga mtupu ambao mtu anauvuka kwa viatu miezi na miezi. Chifu alikuwa ameitisha baraza. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya wengi, na serikali ilitaka jamaa waliobaki mikono mitupu wahamie ziwani wakavue. Bwana Mwanzia alikwenda kuwashawishi, Ekal atafsiri, na mimi niketi pembeni na nanga miguuni kama ushahidi. Landrova aliendesha bosi mwenyewe.

Wazee walikuja na vigoda vyao vidogo vya mbao, wakaketi kivulini. Tukasalimiana, ejok, ejok, mpaka kila mtu akasalimiwa. Bwana Mwanzia akaanza, sentensi moja moja kwa utulivu, na Ekal anazipokea na kuzirusha kwa watu. Nilikuwa sijamwona Ekal kwenye baraza. Ofisini alikuwa mtu wa sauti ndogo, lakini pale alisimama akanyooka, bosi akisema neno moja yeye anasema manne, bosi akiinua kidole na yeye anainua mkono mzima. Nikajisemea moyoni, huyu bwana anaipenda kazi yake.

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akasema kwa muda mrefu. Ekal akatugeukia.

"Anasema hivi. Ng'ombe ikikufa, mtu anabaki na ngozi. Sasa mashua ikienda na upepo, mtu anabaki na nini?"

Watu wakanung'unika kukubali. Mzee akaongeza kidogo.

"Anauliza tena, huyu kijana anatafsiri, si ndiye yule upepo ilibeba?" Ekal akajibu mwenyewe kwa Kiturkana bila kutungoja, na baraza zima likacheka.

Bwana Mwanzia akaona mambo yanamponyoka. Akanitazama. "Bwana Odhiambo ni mtu wa ziwa," akawaambia. "Atawaeleza."

Nikasimama na nanga mkononi. Ningesema tu kwamba ni nanga nzuri, nikaketi. Lakini macho ya watu mia mbili yalikuwa yananitazama, na Bwana Mwanzia naye, na mdomo wangu haujawahi kuvumilia kutazamwa. "Nanga hii haing'oki!" nikasema. "Hata mkiifunga kwenye ile Landrova, Landrova haitatoka!"

Ekal akatafsiri. (Wallahi alitafsiri kwa maneno mengi kuliko niliyosema.) Yule mzee akajibu kwa neno moja.

"Anasema, tuone."

Mdomo huponza kichwa. Baraza lote likainuka na vigoda vyake likateremka kuelekea laga. Tukaacha upande wa visima, maana wanawake walikuwa wamechimba visima vyao mchangani na kila kisima kina wenyewe, tukaenda mbali kidogo katikati ya laga. Nikaichimbia nanga ncha yake mchangani, nikaifunga kwa mnyororo na kamba ndefu kwenye chuma cha nyuma ya Landrova. Gari lilitazama upande mto unakoelekea, nanga ikabaki upande mto unakotoka. Bwana Mwanzia akapanda, akawasha, akavuta taratibu.

Nanga ikalima. Mita moja, mita mbili, mchanga mkavu unapasuka pembeni, halafu ikafika ule mchanga wa chini wenye unyevu, ikaingia, ikapotea, mnyororo nao ukaifuata, kamba ikakaza, na Landrova ikasimama tuli magurudumu yanazunguka. Watu wakapiga vigelegele. Yule mzee alikwenda akaipiga kamba kwa fimbo, ikalia, akacheka kwa furaha. Nikamwona Bwana Mwanzia anatabasamu kwenye kioo, na hapo nikajua barua nimeipata, Akinyi nimempata, na ng'ombe wa mahari nikaanza kuwapanga rangi.

Ingekuwa heri tungeishia hapo. Sasa ikabidi kuing'oa. Ekal akasema, "Tuchimbe nyuma yake, tuinue mkia juu, itatoka." Mimi nikasema hapana, tuvute tena, tena kwa nguvu. (Plau hukwama, jamani, na plau ikikwama unachapa ng'ombe.) Bwana Mwanzia, kwa sababu alimwamini mtu wa ziwa, akavuta kwa nguvu. Nanga ikazidi kwenda chini, na Landrova nayo ikachimba na magurudumu yake mpaka mchanga ukafika tumboni. Mwisho tukawa na vitu viwili visivyotoka badala ya kimoja.

Bosi akashuka, akakunguta suruali, akasema anakwenda na chifu kutafuta majembe na mbao. "Wewe linda gari, Bwana Odhiambo."

Alikuwepo hapo mama mmoja mtu mzima, Mama Akiru, shingo yake imejaa shanga mpaka kidevuni, aliyekuwa ananywesha mbuzi kwenye kisima chake tangu tulipofika. Nikamwona anakusanya mbuzi haraka haraka kabla hawajamaliza kunywa, anawapandisha ukingoni. Alipopita karibu yetu akasema kitu na kuonyesha kwa mdomo upande wa milima ya mpakani.

"Anasema tutoke," Ekal akaniambia. "Anasema usiku kule juu kulikuwa na radi, na mbuzi wanakataa kukaa chini. Maji inakuja."

Nikatazama juu. Mbingu ya Kakuma ilikuwa bluu tupu, hakuna hata wingu la kufunika kuku. Nikatazama chini, mchanga umekauka mpaka unachoma. Nikacheka. "Ekal, mwambie mama maji nayajua mimi."

"Odhiambo, twende."

"Nahodha haachi chombo chake," nikamwambia, nikapanda ndani nikafunga mlango. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi siku ile guu lilinusurika kwa bahati tu. Ekal akanitazama, akatazama upande wa juu wa laga, akaondoka mbio.

Kwanza nilisikia sauti kama lori linalokuja mbali, nikafikiri ni lori. Halafu watu wote walioko ukingoni wakaanza kupunga mikono, nami nikadhani wananisalimu, nikawapungia. Nilipogeuka nikaona laga inatembea. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mbele yake povu, matawi, kinyesi cha mbuzi na gogo zima linaviringika, yanakuja upana wote kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Sijui nilitokaje dirishani. Najua tu kwamba yalipoipiga Landrova mimi nilikuwa tayari juu ya paa, nimelala kifudifudi, nimekumbatia gurudumu la akiba kama mama yangu mzazi.

"Nisaidieni!" nikapiga kelele. "Sijui kuogelea!"

Na hapo ndipo nilipomsikia Ekal. Sijui kama ni hofu, au ni mazoea, maana alikuwa ametafsiri tangu asubuhi bila kupumzika na mdomo wake ulikuwa umeshika mwendo. Alikuwa amesimama ukingoni, amenyooka vile vile kama kwenye baraza, akageukia umati, akatafsiri.

"Mimi si mtu wa ziwa!" nikalia. "Bwana Mwanzia, nisamehe! Mimi ni mtu wa muhogo!"

Ekal akatafsiri. Kwenye muhogo akakwama kidogo, akatumia mikono kuonyesha kitu kirefu kinachovutwa kutoka ardhini, na umati ukaelewa.

"Sijawahi kupanda mashua hata siku moja! Nanga niliichagua kwa sababu inafanana na plau!"

Plau ilimchukua muda zaidi. Nilimwona anainama, anakuwa ng'ombe, halafu anakuwa mtu wa nyuma ya ng'ombe, na watu wananitazama mimi, wanamtazama yeye, na wengine, jamani, wameanza kushika mbavu.

"Mama! Mama yangu wee!"

Hiyo haikuhitaji tafsiri, lakini akaitafsiri.

Wakati huo maji yalikuwa yamefika boneti. Landrova ikatikisika, ikang'oka mchangani ilimokwama, ikaanza kuteleza kuelekea chini, na mimi nikafumba macho nikaanza Baba Yetu kwa Kijaluo. (Hiyo Ekal hakuijua, na hapo tu ndipo aliponyamaza.) Nikahisi mshtuko mmoja, tuk, kamba imekaza. Gari likasimama. Nikafumbua jicho moja. Gogo likanipita, na matawi, na ndoo ya mtu, vyote vinakwenda kwa kasi, na sisi, mimi na Landrova, tumekaa pale pale katikati ya mto kama tumealikwa. Nikageuka nikaona kile kicheko cha ukingoni kimekufa. Macho ya watu hayako kwangu tena. Wanaitazama kamba inavyoingia majini.

Nilikaa juu ya lile paa kiasi cha nusu saa, na ni nusu saa niliyozeeka. Maji ya laga huja kwa haraka na huondoka kwa haraka, na yalipopungua Mama Akiru akaingia na wanaume wawili, wameshikana fimbo, anakuja taratibu akipima chini kwa mguu. Akasimama chini yangu, akasema.

"Anasema shuka!" Ekal akaita kutoka ukingoni. "Maji yenyewe iko kwa kiuno tu!"

"Mwambie siwezi!"

Akamwambia. Mama akanitazama kwa huruma, ile huruma mbaya kuliko matusi, akapanda juu ya gurudumu, akanishika mkono kama anavyoshikwa mbuzi mkaidi, na nikashuka. Nilivushwa kati ya wanaume wawili, miguu yangu inatafuta chini kila hatua, na tulipofika nchi kavu mama akasema neno jingine na watu wakaangua kicheko upya.

"Anasema," Ekal akaniambia, sasa kwa sauti ndogo ya ofisini, "hii chuma mkimaliza nayo mumuachie. Iko na punda inamsumbua sana."

Bwana Mwanzia alikuwa amesimama peke yake na jembe la kuazima. Alinipa leso yake iliyopigwa pasi, nijifute, na upole ule uliniuma kuliko maji, maana nilijua barua nimeizika mwenyewe mbele ya mashahidi. Nanga tuliichimba siku iliyofuata, watu kumi, na tuliinua mkia juu kama Ekal alivyosema. Haikuwa imeshika jiwe wala mzizi. Ilikuwa imeshika mchanga mtupu.

Tukarudi Lodwar. Wiki ikapita, nikaanza kufunga sanduku langu polepole. Halafu Bwana Mwanzia akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na ripoti yangu, na ule mstari niliopigia chini ya "uzoefu wa miaka mingi" unanitazama.

"Kwa nini ulinidanganya?" akauliza.

"Mkubwa, uliuliza kama mimi ni mtu wa ziwa, na nilikuwa naitaka sana ile barua."

Akaigeuza ripoti kifudifudi. Halafu akasema, "Chifu ametuma majina ya watu kutoka Kakuma. Familia kumi na nne zinakwenda ziwani kuvua. Unajua wamesema nini? Wamesema, ikiwa hicho chuma kilishika gari na mjinga juu yake, kitashika mashua." Akatoa kalamu. "Nahodha atakuwa Ekal. Nilipaswa kumuuliza yeye tangu mwanzo, na hilo ni kosa langu. Wewe utabaki na stoo yako, kwa sababu nyavu hujawahi kuhesabu vibaya. Lakini kila baraza tutakapokwenda, wewe ndiye utakayesimama usimulie yaliyokupata, yote, mpaka pale pa mama yangu wee."

"Yote, mkubwa?"

"Yote."

Akatia sahihi. Nilitoka na ile barua mkononi nikaenda nyuma ya stoo nikalia, nawaambia kweli, nililia kama mtoto, kwa furaha na kwa aibu, na sikuweza kujua ipi ni ipi.

Nimeisimulia Lokitaung, nimeisimulia Namoruputh, nimeisimulia mahali ambapo hata mti wa kusimama chini yake haukuwepo. Sentensi moja yangu, nne za Ekal. Mwaka wa pili Kiturkana changu kilikuwa kimekomaa kidogo, na siku moja nikagundua kwamba mwisho wa hadithi Ekal huongeza kitu ambacho mimi sijasema. Anawaambia, huyu mtu alikuwa na uongo mmoja, mto ukauchukua, sasa amebaki mtupu, mwaminini. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Nilikohoa tu, nikaendelea kusimama pale na nanga mkononi.

Basi nami nikaweka nadhiri. Mtu akiniambia, "Wewe lazima unajua," simwachi amalize, namwambia sijui. Hata mambo ninayoyajua naanza na sijui, halafu nakumbuka polepole. Baba yake Akinyi aliponiuliza, siku nilipopeleka barua, kama kweli mimi sasa ni mtu wa mashua kama anavyosikia, nilimjibu hapana baba, mimi ni mtu wa stoo, na mzee akanipa mkono wa kukubali. Na kabla hamjaniuliza, maana nawaona mnavyotazamana, kuogelea bado.